Sura za watu mtaani: mbandike, mchore ukutani, au mchore vipande?

Kikundi kina ukuta, kina ruhusa, na kina watu wanaotaka sura zao zionekane mtaani kwao. Mjadala unaofuata huwa mrefu. Mmoja anataka picha zipigwe, zichapishwe kubwa, zibandikwe. Mwingine anataka rangi, maana karatasi itaondoka na mvua. Wa tatu anauliza kama haiwezekani kuchora pembeni kwa utulivu, kisha kazi ije kutundikwa ikiwa tayari. Njia zote tatu zinafaa, nami nimezifanya na wanafunzi, vijana wa vijiweni na akina mama wa vikoba. Nikiombwa ushauri, nauliza jambo moja kabla ya bajeti: mwenye sura atafanya nini kwa mikono yake? Ikiwa kazi yake ni kusimama apigwe picha, kisha arudi Jumamosi kujiona, mtapata picha nzuri na mtazamaji mmoja zaidi. Ikiwa atakoroga, atapaka na kucheka na jirani ambaye hajawahi kuzungumza naye, huyo ataitunza kazi hata nyinyi mkiwa hampo.

Karatasi na gundi ya unga

Njia hii imepata jina duniani kupitia msanii Mfaransa anayejiita JR. Kuanzia mwaka 2004 alipiga picha za vijana wa Les Bosquets, mtaa wa maghorofa nje ya Paris, kwa lenzi ya milimita 28. Lenzi hiyo haikuruhusu kusimama mbali. Ukitaka uso ujae fremu lazima umsogelee mtu hadi karibu mgusane, na mtu hakubali hivyo bila kukuamini. Aliwaomba wakunje nyuso, watoe macho, wafanye vituko. Mwaka 2007 alifanya vivyo hivyo kwa Waisraeli na Wapalestina wanaofanya kazi zinazofanana, kisha akazibandika picha zao kubwa, mbilimbili, pande zote za ukuta unaowatenganisha. Mtu anayekunja uso kwa mchezo ni vigumu kumwona adui.

Kazi ya JR iliyo karibu nasi zaidi ilikuwa Kibera, Nairobi. Mwezi Januari 2009 mapaa ya nyumba, kama mita za mraba 2,000, yalifunikwa kwa macho na nyuso za wanawake wanaoishi hapo. Picha hizo hazikuwa za karatasi. Zilichapishwa kwenye vinaili, plastiki nyembamba isiyopitisha maji, ili kazi ya sanaa iwe pia kinga ya mvua kwa wenye nyumba. Mabehewa ya treni inayokatiza mtaani nayo yalibandikwa macho, na nusu za chini za nyuso zikawekwa kwenye mabati katika mteremko chini ya reli, hivyo treni ilipopita, macho na midomo vilikutana kwa sekunde chache. Nalirudia tukio hili kila ninapozungumza na kikundi, kwa sababu ya yale mapaa. Kuna mtu aliuliza mapema: baada ya wapiga picha kuondoka, mwenye nyumba anabaki na nini?

Mwaka 2011, kwa fedha za tuzo ya dola 100,000 ya TED, shirika la mihadhara la Marekani, JR alianzisha mradi unaowezesha kikundi chochote kutuma picha zake na kurudishiwa mabango ya kubandika. Lakini hamhitaji kusubiri mabango kutoka ng'ambo. Mji wowote wenye ofisi za wachoraji ramani za nyumba una mashine ya kuchapa karatasi za A1 na A0. A0 ni milimita 841 kwa 1,189, na uso mmoja ukijaa hapo unaonekana vizuri kutoka ng'ambo ya barabara. Ombeni nyeusi na nyeupe juu ya karatasi ya kawaida, nyembamba. Karatasi ya picha inayong'aa haifai, kwani gundi haipenyi na pembe zinajikunja. Kabla ya kuchapa zote, chapeni kipande kimoja, kilowesheni, pitisheni kidole. Wino ukitiririka, tafuteni duka lenye mashine ya tona, yaani inayotumia wino wa unga.

Gundi ni unga wa ngano. Kikombe kimoja cha unga kikorogwe na maji ya baridi hadi madonge yaishe, kisha kimiminwe polepole katika vikombe vinne vya maji yanayochemka, huku mtu akikoroga bila kuacha, mpaka uwe uji mzito unaoteleza. Uacheni upoe. Mtoto yeyote aliyewahi kutengeneza kishada ataelewa mara moja, na nafurahi sana kuona watoto wakiwafundisha watu wazima hatua hii. Pakeni ukuta, wekeni karatasi, sukumeni hewa kutoka katikati kwenda kingoni kwa brashi pana, kisha pakeni gundi tena juu. Fanyeni asubuhi au alasiri; jua la saa saba hukausha gundi kabla hamjanyoosha karatasi. Na msibandike chini sana mahali penye mbuzi, kwa sababu karatasi yenye unga ni chakula.

Kasoro zake mbili zinahitaji kusemwa waziwazi. Kwanza, kwetu karatasi yenye sura ukutani husomwa kabla mtu hajasogea: huyu anagombea nini? Kama uchaguzi uko karibu, ahirisheni au chagueni njia nyingine, la sivyo sura ya mama muuza samaki itachanwa na watu wa chama ambacho yeye hata hakijui. Vituko vya uso husaidia sana hapa. Mgombea hatoi ulimi kwenye bango lake.

Pili, kamera humpa mtu mmoja mamlaka yote. Ndiyo maana njia hii ninaipa alama ndogo kwenye swali langu la mikono, isipokuwa kikundi kikubali kubadili utaratibu wa kupiga picha. Kuna mchezo mmoja ambao haujawahi kuniangusha. Watu wanakaa wawili wawili, wakitazamana. Mmoja anakunja uso anavyotaka, mwenzake anamwiga kama kioo, na mtu wa tatu anapiga picha kwa simu wakati wa kuiga. Baada ya dakika chache wanabadilishana nafasi. Picha zinazotoka hapo ni za watu waliosahau kwamba wanapigwa picha, na kila mmoja ameshika simu, amekuwa kioo, amekuwa sura.

Kazi ya karatasi hukaa wiki kadhaa, au miezi ukuta ukiwa umekingwa na mvua. Wengi huona huo ni udhaifu. Mimi naona ni sehemu ya nguvu yake, na nitaeleza mbele.

Rangi juu ya ukuta wenyewe

Hapa watu wengi huogopa kwa kudhani kwamba kuchora sura ni kazi ya mwenye kipaji tu. Miraba huondoa hofu hiyo. Chukueni picha iliyochapwa kwa ukubwa wa A3, ipigeni mistari ya miraba ya sentimita 2. Ukutani pigeni miraba ya sentimita 20 kwa kamba ya fundi iliyopakwa chaki. Mtapata sura ya karibu mita 3 kwa mita 4.2, yenye miraba kama mia tatu. Kila mtu anapewa miraba yake na kunakili alichokiona ndani yake tu: weusi huu unaanzia hapa, unaishia pale. Geuzeni kwanza picha iwe na rangi tatu, nyeusi, kijivu na nyeupe, ili pasiwe na ubishi wa vivuli. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Mchezo unakuwa mtamu zaidi mkikata ile picha na kugawa vipande bila kuonyesha sura nzima. Kila mmoja anabashiri ameshika nini, sikio au ukosi wa shati, mpaka mtu atokee ukutani.

Mtu mzima mwenye ujuzi wa rangi ni lazima awepo, na si lazima awe msanii. Fundi rangi wa mtaani anajua mambo ambayo msanii wa studio anaweza kuyasahau: kwamba plasta mpya iachwe ikauke wiki nne hivi, kwamba ukuta wa zamani upigwe msasa na praima, rangi ya kwanza ya kushikisha, kwamba lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 ikipakwa mara moja. Mlipeni. Katika Santa Marta, mtaa wa mlimani jijini Rio de Janeiro, Waholanzi Jeroen Koolhaas na Dre Urhahn waliongoza mwaka 2010 upakaji wa nyumba 34, mita za mraba 7,000, kwa kuajiri vijana 25 wa hapohapo. Michoro ile ilikuwa ya mistari mipana ya rangi, bila sura za watu, lakini vijana waliondoka na ujira na ujuzi wa ufundi. Hilo naliweka juu ya sifa yoyote ya mchoro.

Upande wa pwani, ukuta wenyewe ndio utakaoamua. Chumvi na unyevu huvimbisha rangi hata kama mmechora vizuri namna gani. Bandikeni kipande cha nailoni ukutani, mzibe kingo zote kwa gundi ya utepe, mkiache siku nzima. Mkikuta matone nyuma yake, ukuta una maji, na kazi ya rangi itabanduka. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa katika miji ya kale zinahitaji kupumua. Rangi ya plastiki huzifungia unyevu ndani na kuzibomoa taratibu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, Lamu tangu 2001, na huko ukuta hauguswi bila idhini ya mamlaka za uhifadhi. Kwa maoni yangu, hata idhini ikipatikana, msipake rangi. Zipo njia nyingine za kusherehekea watu wa mji bila kuumiza mji.

Kasoro ya pili ya ukuta niliiona kwa macho kabla sijaielewa. Kwenye sura ya mita 4, watoto wanafikia kidevu na shingo. Macho yako juu, panapohitaji ngazi au jukwaa, na hapo mtoto hapandi, bibi hapandi, mwenye mguu mbaya hapandi. Kwa hiyo sehemu ambayo kila mtu ataitazama inachorwa na vijana wawili wenye nguvu, na wengine wanajaza fulana. Mchoro unaitwa wa jamii, na jamii imepaka shati.

Vipande: kitambaa na hadibodi

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na nitasema kwa nini.

Philadelphia, Marekani, ulianza mwaka 1984 mradi wa jiji wa kuwavuta vijana wa grafiti, wanaochora kuta za watu bila ruhusa, kwenye uchoraji halali, chini ya mchoraji Jane Golden. Leo kazi zake zimepita 4,000. Miaka hiyo yote imewafundisha kwamba mchoro mkubwa hauhitaji kuchorwa ukutani. Wanagawa mchoro vipande, kila kipande kinachorwa kwenye kitambaa maalumu chepesi, juu ya meza, shuleni, kwenye vituo vya wazee, hata magerezani, kisha vipande vinagandishwa ukutani kwa gundi ya akriliki na kuwa kitu kimoja. Mfungwa ambaye hatauona ule mtaa kwa miaka mingi anaweza kuwa ndiye aliyechora jicho.

Kitambaa chao hatuna madukani, lakini tunayo marikani, na tunayo hadibodi. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa hadibodi na rangi ya mafuta ya kawaida, vitu vya dukani kwa fundi, na mtindo ukaenea dunia nzima kwa jina lake. Vifaa hivyo bado vipo kila mji. Kateni hadibodi miraba ya sentimita 30, pakeni mkono wa kwanza wa rangi nyeupe, gawaneni. Mchezo wa kubashiri niliousimulia unafanya kazi vizuri zaidi hapa, maana vipande vinaweza kwenda majumbani. Mama anachora jioni baada ya kufunga genge. Babu anachora amekaa. Mtoto mgonjwa anachora kitandani. Siku ya kukusanya, watu wanaleta vipande vyao na kuvipanga chini uwanjani kama fumbo, na hapo ndipo sura inapoonekana kwa mara ya kwanza kwa kila mtu, hata kwa mwalimu. Mistari haitakutana sawasawa. Shavu moja litakuwa jeusi kuliko jingine kwa sababu jirani yule alichanganya kijivu chake mwenyewe. Iacheni hivyo. Kila kipande kisicholingana na kingine ni mkono wa mtu, na watu watasimama kutafuta vipande vyao kwa miezi.

Kwa marikani, pakeni rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi nyeupe ya mbao kidogo, pande zote mbili, ikauke kabla ya kuchora. Msitundike kipande kimoja kikubwa mahali pa wazi; upepo wa kusi ukiingia nyuma yake ni tanga, utang'oa hata ndoano za chuma. Vipande vidogo vilivyofungwa kila kimoja peke yake huachia upepo upite. Wizi upo pia, kwani kitambaa kizuri kina matumizi nyumbani na hadibodi vilevile. Kutundika juu ya kimo cha mtu kunasaidia.

Gharama? Karatasi ni nafuu kuliko zote, hilo halina ubishi. Rangi ya ukuta hupanda kutegemea jukwaa na ngazi kuliko rangi yenyewe. Vipande vinakaa katikati, lakini vinakula muda. Tegemeeni wiki kadhaa za kuwakumbusha watu warudishe vyao.

Nani achague sura, na zikae muda gani

Mwaka 2011, baada ya Rais Ben Ali kukimbia Tunisia, wapiga picha wa nchi hiyo wakishirikiana na mradi wa JR walipiga picha za watu 100 wa kawaida na kuzibandika mahali ambapo zamani ilining'inia sura ya rais peke yake. Wazo zuri mno. Lakini sehemu nyingine wakazi walizibandua, wakihoji kwa nini sura hizo na si nyingine, na nani aliyezichagua. Watu waliochoshwa na sura kubwa ukutani hawakutaka kubandikiwa nyingine bila kuulizwa. Naiheshimu hasira ile. Kwa hiyo kabla ya kubandika au kuchora, fanyeni mkutano wa wanaopita hapo kila siku, wakiwemo wale wasiowapenda. Pigeni kura kwa mchezo, kwa maharage kwenye vikopo, au sura zitoke kwa bahati nasibu. Kamati ya watu watatu isichague.

Muda ndio unaotenganisha njia hizi kuliko kitu kingine. Rangi ikishika vizuri hukaa miaka. Katika miaka hiyo mtu atafariki, atahama, ataingia ugomvi na mtaa, binti ataolewa kwa watu wasiopenda picha yake iwe barabarani. Kumfuta mtu ukutani kwa rangi nyeupe ni jambo zito kwa familia. Karatasi huondoka yenyewe, na ikibidi inaloweshwa kwa maji ya uvuguvugu na kukwanguliwa bila kumjeruhi mtu. Vipande ndivyo vyenye heshima zaidi katika hili, kwa sababu sura inaweza kushushwa nzima na kupelekwa nyumbani kwa mwenyewe. Nimeona familia ikiomba hivyo baada ya msiba, na iliwezekana.

Ridhaa iwe ya maandishi, na kwa mtoto asaini mzazi au mlezi. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya mwaka 2022. Katika fomu wekeni mstari mmoja unaosema sura itashushwa lini na nani atakayeishusha.

Kuna pia wasiotaka sura kabisa, kwa imani au kwa haya tu, na hao wasitolewe nje ya mchezo. Mtu akisimama jioni mbele ya taa, kivuli chake kikaangukia karatasi, jirani akakizungushia mkaa, hiyo ni picha yake bila macho wala mdomo. Mikono inaweza kuchorwa. Maneno pia: Pwani tuna kanga, na mwanamke anaweza kuchagua jina la kanga limsimamie ukutani kuliko uso wake. Kibera, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, msanii anayejulikana kama Solo7 alizunguka akiandika wito wa amani kwenye kuta na vibanda. Hakuna sura yoyote pale, na kila mtu alijua anasemeshwa yeye.

Kwa hali yenu

Mkiwa na siku moja na fedha kidogo, mfano siku ya ufunguzi wa maktaba au zahanati, bandikeni karatasi na mcheze ule mchezo wa kioo. Mkiwa shule yenye ukuta wake, plasta nzuri na fundi anayekubali kukaa nanyi, choreni kwa rangi, lakini sura iwe pana na fupi badala ya ndefu, isizidi mita 1.5 kwenda juu, ili watoto wafikie macho. Shule iliyopanga jengo, soko linalotarajiwa kuhamishwa, au mtaa wa mawe ya kale, vipande bila kufikiria mara mbili. Kijiwe cha bodaboda ninakipendekezea vipande pia, vya hadibodi chini ya paa la kibanda, kwani wenyewe wako hapo mchana kutwa kuvilinda, na dereva mpya akija anaongezewa cha kwake.

Msimu wa masika karatasi isahauliwe nje. Ndani ya ukumbi inafaa. Nembo ya mfadhili msiiweke karibu na sura kwa njia yoyote kati ya hizi. Mabango ya matangazo hutozwa ada, na nembo moja inaweza kufanya sura za majirani zenu zihesabiwe kuwa tangazo. Mfadhili atajwe kwenye kibao kidogo pembeni, baada ya majina ya wote walioshika brashi, na majina hayo yaandikwe na wenyewe kwa mwandiko wao.

Kama bado mnasita kati ya rangi na vipande, anzeni na sura moja tu ya vipande, ya mtu anayejulikana na wote na asiye na cheo: muuza kahawa, fundi baiskeli, mama wa vitumbua. Itundikeni mwezi mmoja, msikilize watu wanaopita wanasema nini na wanauliza kwa nini nani hayupo. Hao waliotajwa ndio wa kuanza nao mkifika ukutani.